Kumfundisha Mtoto wa Bagamoyo Kihispania

Mwaka 1900 mtu wa Bagamoyo alifika Berlin kufundisha lugha ya kigeni. Aliitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, aliyesoma chuoni kwa mashehe wa pwani. Lugha aliyokwenda kuifundisha ilikuwa Kiswahili, ambacho kwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika Mashariki kilikuwa kigeni kama Kihispania kilivyo kigeni leo kwa kijana wa Kaole. Chuo chenyewe, Seminari ya Lugha za Mashariki, kilianzishwa mwaka 1887, na kazi ya kufundisha iligawanywa. Mwalimu Mjerumani, Carl Velten kwa upande wa Kiswahili, alieleza sarufi kwa Kijerumani. Mtoro, mwenye lugha yake, alisoma na wanafunzi na kuzungumza nao mpaka ndimi zao zikazoea. Ushirikiano wa watu hao wawili ndio uliotoa kitabu cha Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, ambacho mpaka leo ni hazina kwa yeyote anayetaka kujua maisha ya Mrima wa zamani. Katika utaratibu huo wote, hakuna aliyefikiria kuwafundisha Wajerumani hesabu na jiografia kwa Kiswahili ili Kiswahili kiwaingie. Lugha ilikuwa somo, ikasomwa kama somo, na aliyeisoma alisaidiwa kwa lugha anayoielewa.

Ninaanzia kwa Mtoro kwa sababu mjadala wetu wa lugha za kigeni mashuleni huanzia mahali pasipofaa. Kila mara tunauliza lugha ipi inalipa. Mmoja anasema Kichina, mwingine Kifaransa, na siku hizi wapo wazazi na vijana wanaotaka Kihispania, ambacho hakimo katika lugha zilizozoeleka kwenye mtaala wetu wa sekondari, yaani Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Swali hilo lina maana, nami nitalifikia. Lakini kabla ya kuchagua lugha, tunapaswa kuamua tutaifundishaje, maana lugha nzuri ikifundishwa vibaya huishia kuwa orodha ya maneno yaliyokaririwa kwa ajili ya mtihani. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa sekondari wa pwani hii anaweza kujifunza Kihispania, Kifaransa au lugha nyingine yoyote na akaimudu, ikiwa atafundishwa kupitia Kiswahili, kwa saa maalumu za somo, huku akizungumzishwa tangu wiki ya kwanza. Ushahidi wa hoja hii hatuhitaji kuufuata mbali.

Tazama darsa. Muda mrefu kabla ya shule za serikali, watoto wa Bagamoyo, Saadani na Pangani walikuwa wanasoma lugha ya kigeni, nayo ni Kiarabu. Wengi waliishia kwenye kuisoma Kurani kwa sauti bila kujua maana, na hilo lina thamani yake ya ibada ingawa halimfanyi mtu ajue lugha. Waliosonga mbele walisoma kwa njia nyingine kabisa. Sheikh husoma sentensi moja ya kitabu kwa Kiarabu, kisha huifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno, akaonyesha hili ni jina, hili ni kitendo, hapa herufi ya mwisho imebadilika kwa sababu hii. Mwanafunzi hurudia, huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, na wanahamia sentensi ya pili. Kwa njia hiyo pwani ilipata wanazuoni waliotunga na kuandikiana barua kwa Kiarabu bila kuishi Uarabuni. Bagamoyo ilikuwa na Sheikh Ramiya, yaani Yahya bin Abdallah, aliyezaliwa Kongo mashariki, akaletwa pwani utumwani akiwa mdogo, akasoma kwa wanazuoni wa mjini mpaka akawa khalifa wa tarika ya Kadiria aliyeheshimiwa mbali sana na Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake, wala Kiswahili hakikuwa. Alipata walimu waliomweleza jambo kwa lugha aliyoielewa, na hilo lilitosha kumfungulia lugha ya tatu.

Upande wa pili wa mji, chini ya miembe ya Misheni, walikuwapo Wafaransa waliopita njia hiyohiyo wakielekea kinyume. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua Misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879 na kurudi kwao mwaka 1898, alisikiliza lahaja za pwani kwa makini ambayo wageni wachache wamewahi kuwa nayo, akatoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891 na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka 1939. Kamusi hizo ni kumbukumbu ya namna mtu mzima anavyojifunza lugha ya watu: anaisikiliza mitaani, kisha anaifafanua kwa lugha yake. Inasikitisha kwamba mji uliozaa kazi ya Kifaransa ya kiwango hicho una vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne bila kuweza kumwambia Mfaransa njia ya kwenda Ngome Kongwe.

Sasa turudi darasani. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, fizikia na jiografia vyote kwa Kiingereza. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi na kukuta Kiingereza chao hakitoshi hata kidogo kusomea masomo mengine. Baada yao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, wameandika kwa miaka mingi juu ya tatizo hilohilo. Kinachotokea darasani kila mwalimu anakijua: somo linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, linaelezwa kwa Kiswahili kwa kuibia, na mwanafunzi ananakili asichokielewa. Sitaki kuurudia mjadala mzima wa lugha ya kufundishia. Nautaja kwa sababu umetuachia fundisho baya juu ya lugha za kigeni zote. Umetufanya tuamini kwamba lugha ya kigeni ni kitu cha kumtosa mtoto ndani yake, na akishindwa basi watoto wetu hawana kipaji cha lugha. Watoto hao hao wengi wana Kizaramo, Kikwere, Kidoe au Kizigua nyumbani, Kiswahili sokoni na herufi za Kiarabu madrasani. Kipaji wanacho.

Chukua Kihispania, uone kinavyokaa mdomoni mwa mtoto wa pwani. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Maneno kama casa, libro na mesa mtoto wa Mlingotini atayasoma mara ya kwanza na Mhispania akamwelewa, kwa sababu Kihispania, kama Kiswahili, husomwa kama kilivyoandikwa isipokuwa mambo machache. Herufi ñ ni ny ya nyumba. Herufi j iko karibu sana na kh ya Khamisi, sauti ambayo aliyepita madrasa ameshaizoea. Herufi d ikikaa katikati ya irabu hulainika, ikakaribia dh ya dhahabu. G nayo katika nafasi hiyo hukaribia gh ya ghali. Na kwa watu wengi wa Uhispania, z hutamkwa kama th ya thelathini, ingawa Amerika ya Kusini wao husema s tu. Baadhi ya sauti hizo huwasumbua wanafunzi wengi wa Ulaya, na huku kwetu mtoto huja nazo kutoka nyumbani. Kitakachomsumbua ni r mbili: pero ni lakini na perro ni mbwa, na asiyeutetemesha ulimi vizuri atachanganya. Hilo ni zoezi la wiki chache.

Sarufi ndiyo inayonivutia zaidi. Mhispania husema hablo kwa maana ya nasema, hablas unasema, habla anasema, hablamos tunasema. Nafsi imo ndani ya kitenzi, wala hahitaji kutanguliza mimi au wewe, sawasawa na sisi. Tofauti ni kwamba sisi tunaiweka mwanzoni na wao wanaiweka mwishoni. Akisema kitabu kipya ni libro nuevo, vitabu vipya ni libros nuevos, sifa inafuata jina kwa nafasi na kwa umbo, kama tunavyofanya katika ngeli. Majina yao yana jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike, na mtoto anayemudu ki-vi, m-mi, li-ya na nyinginezo hatashtuka kuambiwa kwamba meza iko kundi moja na kitabu kundi jingine. Tena Kihispania kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja: soy de Bagamoyo ni mimi ni mtu wa Bagamoyo, na estoy en Bagamoyo ni niko Bagamoyo. Wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza huhangaika sana na jambo hilo. Mswahili anatenganisha ni na niko tangu utotoni. Ulinganifu huo una mipaka, kwa mfano estoy cansado kwetu ni nimechoka, lakini mlango umeshafunguka.

Fikiria sasa mwalimu anayemfundisha mtoto huyo Kihispania kwa kutumia kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambamo sifa haibadiliki kufuata jina na nafsi haimo kwenye kitenzi. Kila kitu ambacho mtoto tayari anakijua kwa Kiswahili kitaelezwa upya kama jambo geni, kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Ananyimwa msaada wa lugha anayoimudu kuliko zote na kukabidhiwa ile dhaifu. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, ameonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba ujuzi wa kusoma na kufikiri uliojengwa katika lugha ya kwanza huhamia kwenye lugha ya pili. Darasa la sheikh lilijua hilo bila nadharia. Ninachodai ni kitu cha kawaida tu: kitabu cha Kihispania kilichoandikwa kwa ajili ya Mswahili, kinachosema waziwazi wapi lugha hizi mbili zinakutana na wapi zinaachana.

Wapo walimu wa lugha watakaonipinga wakisema lugha mpya ifundishwe kwa lugha hiyohiyo, kwani mtoto akisaidiwa kwa Kiswahili atazoea kutafsiri kichwani na hatasema kwa wepesi. Pingamizi hili lina uzito, na madarasa mengi ya Kifaransa yamekufa kwa sababu mwalimu alitumia kipindi kizima kueleza Kifaransa bila kukisema. Jibu lipo katika mgawanyo wa kule Berlin. Kueleza ni kwa lugha ya mwanafunzi, na kwa kifupi. Kusema, kusikiliza, kusalimiana, kuuliziana bei, kusimulia ulichofanya jana ni kwa lugha mpya, na huko ndiko saa nyingi ziende. Dakika tano za Kiswahili zinazomwonyesha mtoto tofauti ya soy na estoy zinaokoa kipindi kizima cha kubahatisha.

Pingamizi la pili ni la wazazi: atasema Kihispania na nani Bagamoyo? Hapa nitasema ukweli ninavyouona. Kama shule ya Bagamoyo inaweza kuongeza lugha moja tu, ianze na Kifaransa. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya wakuu wa nchi kukubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Burundi na Rwanda zimo tangu 2007. Komoro tunazitazama ng'ambo ya bahari. Na mizigo mingi inayopita bandari ya Dar es Salaam ni ya Wakongo. Hata hivyo Kihispania hakiko mbali kama tunavyodhani. Kibaha, makao makuu ya mkoa huuhuu wa Pwani, kuna kiwanda cha dawa ya kuulia viluwiluwi vya mbu kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Madaktari wa Cuba wamefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi, na Watanzania wamesomea udaktari kwao. Novemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Cuba, na Havana kukafanyika kongamano la kimataifa la Kiswahili. Maana yake wapo Wacuba wanaojifunza lugha yetu wakisubiri wenzao upande huu. Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika, ambako Guinea ya Ikweta inakitumia, na ni lugha rasmi ya nchi zipatazo ishirini. Umoja wa Afrika uliingiza Kiswahili miongoni mwa lugha zake za kazi mwaka 2022. Kila mkutano wa taasisi kama hizo unahitaji wakalimani wa kutoka Kiswahili kwenda lugha nyingine na kurudi, na mkalimani mzuri lazima awe bingwa wa Kiswahili kwanza. Kazi hiyo ni yetu kwa haki kabisa, tukiiandalia watu.

Nisichokubali ni kuchagua lugha kwa kufuata mradi mmoja. Mwaka 2013 ulipotiwa saini mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Mbegani na Wachina, wengi waliona Kichina ndicho kitakachotawala ukanda huu. Kufikia mwaka 2019 mradi ulikuwa umekwama juu ya masharti. Kichina kinabaki lugha kubwa yenye utamaduni mkubwa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius inayokifundisha. Mtoto akipende kwa sababu hizo, na asiambiwe tu kwamba kuna ajira inamngoja getini.

Kisha kuna wanaosema shule haihitajiki. Watatuonyesha vijana wa Malindi na Watamu wanaosema Kiitaliano kwa ufasaha, kwa sababu Waitaliano wamekaa huko tangu kituo chao cha anga cha miaka ya 1960, na vijana wa Unguja wanaoongoza Wahispania na Wafaransa bila kukanyaga darasa la lugha. Nawaheshimu sana vijana hao; wamefanya kwa masikio yao kazi iliyowashinda wengi wenye vitabu. Wanathibitisha kwamba kipaji kipo na kwamba lugha huingia kwa kusemwa. Lakini wengi wao wanasema wasichoweza kukiandika. Akiletewa mkataba wa hoteli kwa Kihispania hawezi kuusoma, hawezi kuandika maelezo ya magofu ya Kaole kwa ajili ya kitabu cha wageni, hawezi kufanya mtihani wa kumpeleka chuo kikuu. Na msichana aliyekatazwa na wazazi kukaa ufukweni na watalii hapati hata hicho kidogo. Shule ndiyo njia pekee inayomfikia yeye.

Lililo gumu kweli ni walimu. Shule nyingi za kata hazina mwalimu wa Kifaransa, sembuse Kihispania, na kuandika lugha mpya kwenye mtaala bila mwalimu ni kumdanganya mtoto. Kwa hiyo nisingependa kuona Kihispania kikitangazwa kwa shule zote. Kianze kama somo la hiari katika shule chache zilizo karibu na wageni na vyuo: Bagamoyo mjini, Bunju, Tanga mjini, na Unguja. Waliosoma Cuba wapo nchini, baadhi wamestaafu, na wanaweza kuombwa kufundisha mazungumzo mara mbili kwa wiki chini ya mwalimu wa lugha aliyesomea ualimu. Huo ni mgawanyo wa Velten na Mtoro uliogeuzwa upande. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inapokea wasanii na wageni wa mataifa mengi, na wakati wa tamasha lake wanafunzi wanaweza kupewa kazi ya kupokea wageni kwa lugha wanayosoma, wakasahihishwa papo hapo. Rekodi za sauti kwenye simu ya mwalimu zinatosha kwa masikio kuzoea. Kitabu cha kwanza kinaweza kuwa chepesi, kurasa mia moja hivi, kikiandikwa na Mswahili anayejua Kihispania akishirikiana na Mhispania au Mcuba anayejua Kiswahili, kikachapishwa na kujaribiwa katika shule mbili kabla ya kusambazwa. Na mtihani wake uwe na sehemu ya kuzungumza, kwa sababu kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Mtihani wa maandishi peke yake utaturudisha kwenye kukariri kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.